Nani Amshike Baba Mkono wa Kulia

Kuna watu wakifiwa wanamkasirikia Mungu. Mimi sikufika mbali hivyo. Hasira yangu iliishia kanisani, kwa watu wawili ambao bado ninakutana nao barabarani hapa Katoyi, mtaani kwetu Goma, bado wananiita dada mpendwa, na bado sijapata jibu la kuwapa ambalo si tusi.

Baba yangu alikuwa mwashi. Kujenga juu ya mawe ya volkano si kazi ya kila mtu, jiwe letu ni jeusi, ni kali, linakula nyundo na linakula mikono. Yeye alilijua. Kuta nyingi za mtaa wetu ni zake, na ukuta wa kanisa la mama ni wake pia. Aliuanza kwenye msingi, akapanga jiwe juu ya jiwe hadi juu, wakamlipa, akabeba vyombo vyake akaenda. Miaka yote iliyofuata hakuingia ndani. Mama akimwambia twende ibadani, alikuwa na jibu lake moja:

"Ile nyumba naijua kupita pasta. Najua hata fasi ukuta itapasukia."

Mama hakubishana naye. Alimwombea. Tangu nipate akili ninamkumbuka mama yangu akimwombea baba, akichagua maharage, akifua, akipepea jiko la makaa. Midomo ilicheza, sauti haikutoka. Baba alimtania, na si kila mara ilikuwa kwa kucheka.

"Unanishitaki tena?"

Aliamini kabisa kwamba mama alikuwa anapeleka mashitaka juu: pombe ya Jumamosi, ulimi mkali, ile siku aliyomfukuza mjomba wetu mbele ya wageni. Mama alimwaga maharage kwenye sufuria akaenda zake kuchota maji.

Halafu zikaja zile siku za masasi, za risasi na mabomu, mjini. Sina haja ya kuzieleza, aliyekuwa Goma anazijua, na asiyekuwepo ashukuru. Tulilala chini kwenye korido mchana kutwa, baba, mama na mimi, kwa sababu korido ilikuwa na mawe pande zote mbili. Kila bomu lilipolia, vumbi la saruji lilitushukia kichwani. Ndipo mama, ambaye sikuwa nimewahi kusikia hata neno moja la maombi yake, akaanza kuomba kwa sauti. Labda ni hofu. Labda alifikiri kelele za nje zinamfunika.

"Mungu, kama lazima uchukue mumoja mu hii nyumba, unichukue miye. Miye niko tayari. Huyu muzee umuache kwanza, hajakujua. Na asante juu ya kunipatia yeye."

Baba alikuwa amelala kifudifudi, shavu kwenye sementi. Niliona macho yake yako wazi. Siku zilizofuata tulitoka nje, tukaanza kuulizana nani amebaki. Lakini ule mzaha wa mashitaka sikuusikia tena nyumbani kwetu.

Wainjilisti wa kanisa la mama walikuwa na desturi ya kupita mtaani kila Jumamosi asubuhi na megafoni. Aliyewaongoza alikuwa kijana mwenye koti hata jua likiwaka, na megafoni yake ilipiga filimbi kabla ya kila neno, kama vile nayo inamkataza asiseme. Alipenda kusimulia jinsi kule Kanyaruchinya, kambi za waliokimbia vita zilipokuwa bado zimejaa, watu walivyomsikiliza mvua ikinyesha, bila mtu hata mmoja kuondoka. Nilimuuliza siku moja: wangeondoka waende wapi? Hakupenda.

Jumamosi moja, muda si mrefu baada ya masasi, alisimama mbele ya geti letu akahubiri moto wa milele. Baba akatoka na nyundo mkononi. Majirani wakarudi nyuma, kwa sababu hasira ya baba iliyajua mawe na iliwajua watu pia. Akamtazama yule kijana, akamuuliza:

"Ibada inaanzaka saa ngapi?"

Kesho yake alivaa suruali safi akaenda. Mama alitembea kando yake bila kumtazama, kama mtu aliyebeba mayai. Nilikuwa nyuma yao, na ninasema ukweli, sikuwahi kumwona mama yangu mzuri vile.

Furaha hiyo ilidumu hadi tulipoketi. Kijana wa megafoni alisimama akatangaza kwamba wainjilisti wamemleta muzee kwa Bwana, jiwe gumu limevunjika. Watu wakapiga makofi. Kabla makofi hayajaisha, mama prezida wa waombezi, mkuu wa kundi la maombi, akasimama upande wa pili. Huyu ni mwanamke mrefu, sauti yake inajaza nyumba bila chombo chochote. Akasema waombezi walikuwa wamefunga kwa ajili ya waume wasioamini, chumba cha maombi hakikulala, na kama si wao, megafoni ingebaki inapiga filimbi hadi Yesu arudi. Makofi tena, makubwa zaidi. Baba aligeuza kichwa huku na huku. Ndiyo mara ya kwanza alionekana kama mgeni kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Lazima nieleze desturi ya kanisa lile, maana ndiyo iliyotuua. Mtu akibatizwa, haingii majini na mchungaji peke yake. Yule aliyemleta kwenye wokovu anaitwa mzazi wake wa kiroho. Anaingia naye, anamshika mkono wa kulia, na mchungaji anashika wa kushoto. Wakitoka, mzazi anatajwa mbele ya kanisa na kuketishwa mbele. Ninayajua haya vizuri kwa sababu mimi ndiye niliyeshona kanzu zao nyeupe za ubatizo kwenye mashine yangu hapa nyumbani, na ya baba niliishona nikiimba, nikaongeza kitambaa mabegani.

Kungekuwa na muda, ugomvi ungeweza kuchoka wenyewe. Muda haukuwepo. Kikohozi cha baba, ambacho tulikizoea kama tunavyozoea mlio wa geti, kiliongezeka. Daktari alisema ni vumbi la mawe, limekaa kifuani miaka mingi, na halitoki. Alituambia tuwe karibu naye. Mama alielewa maana ya neno hilo. Tangu siku ile alitaka kitu kimoja tu duniani: baba abatizwe kabla pumzi haijakwisha.

Mchungaji alituita ofisini. Kijana wa megafoni alikuwepo, mama prezida alikuwepo, mama yangu aliketi kwenye ukingo wa benchi, na mimi nilisimama mlangoni. Baba alibaki nyumbani, alikuwa amechoka.

"Sisi njo tulimuzala, njo wazazi yake wa kiroho," kijana alianza. "Alitoka kwake juu ya sauti yetu. Mutu ataamini namna gani kama hajahubiriwa?"

"Mulihubiri pale miaka ngapi?" mama prezida akamjibu. "Na alikuwa anawafungia geti! Nani alifungua ule moyo? Si maombi?"

"Maombi bila kwenda ni kulala juu ya magoti!"

"Na kwenda bila maombi ni kutembeza kelele!"

Mchungaji alikuwa anasugua paji la uso. Ni mtu mpole, na upole wake ni wa kumwacha kila mtu aseme mpaka mwenye nguvu ashinde. Sijasoma teolojia. Najua kushona. Lakini mtu anapomlisha mtoto uji, mkono na kijiko havigombani nani amemshibisha. Anayehubiri na ahubiri, anayeomba na aombe, na mwenye kuokoa aachiwe kazi yake. Hilo hata mtoto wa chekechea angelielewa, na hawa walikuwa na Biblia zenye zipu.

Nikasema: "Pasta, aliyemwombea baba maisha yake yote ameketi hapo. Na aliyemhubiria pia ni yeye, bila kufungua kinywa. Mama aingie naye."

Walicheka. Si kwa ubaya, na hilo liliniuma zaidi. Mama prezida alinigusa bega kama ninavyogusa bega la mteja aliyeomba punguzo.

"Binti, bibi anamuzalaka bwana yake namna gani?"

Mchungaji akaongeza kwamba utaratibu ni utaratibu. Nilikuwa nimeshafungua kinywa mama aliponishika kitenge.

"Nyamaza, mama," aliniambia, maana ndivyo anavyoniita akitaka nitulie. "Wamushike hata mukono gani. Bora aingie mu maji."

Mchungaji alitoa hukumu yake: kwa mara hii yeye atasimama nyuma, mwinjilisti ashike mkono mmoja, mwombezi ashike mwingine. Wakakubali. Hakusema nani ashike wa kulia, na nina hakika aliliona shimo hilo akaamua kulipita pembeni.

Siku ya ubatizo tulishuka Kituku, ziwani, asubuhi. Pwani ilikuwa na kazi zake: wanawake wanasuuza sambaza, dagaa wa ziwa letu, kwenye mabeseni, vijana wanachota maji kwa madumu, boti ya Minova inashusha ndizi. Kwaya yetu ikaimba katikati ya hayo yote. Baba alivaa kanzu yake. Alikuwa amekonda kuliko siku niliyompima, mabega niliyoyaongezea kitambaa yalimwanguka. Akaingia polepole, miguu ikitafuta mawe, hadi maji yakamfika kiunoni. Mama alibaki ukingoni akishika viatu vyake.

Kijana wa megafoni aliwahi upande wa kulia. Mama prezida akafika, akamkuta ameshashika.

"Hapo ni fasi yangu," alisema.

"Pasta alisema kila mutu na mukono yake."

"Alisema ya kulia ni ya nani?"

Baba akakohoa. Maji ya ziwa asubuhi ni baridi, mtu mzima anaingia akilalamika, sembuse yule. Mama prezida akazunguka, akaushika mkono wa kulia juu ya kiwiko, kijana naye hakuuachia chini yake. Mkono wa kushoto wa baba ulibaki unaelea bila mtu. Watu wawili wazima, wamevaa nyeupe, wanavuta mkono mmoja wa mgonjwa mbele ya wauza samaki! Nikasikia mwanamke mmoja nyuma yangu akimuuliza mwenzake: "Wanamubatiza ao wanamuiba?" Wenzake wakacheka. Ningetaka ardhi inimeze, kisha nikataka ardhi iwameze wao wawili na iniache mimi nitazame.

"Muniache," baba alisema.

Hakupaza sauti. Lakini walimwachia, kwa sababu kifua chake kilikuwa kinapiga mluzi. Akapumua kidogo, akageuka kuelekea ukingoni, akamtazama mama, akaanza kusema. Hayo aliyoyasema sikuwahi kuyasikia kutoka kwake.

"Munasumbukia bure. Hakuna kati yenu. Siku ya masasi nilisikia bibi yangu anaambia Mungu amuchukue yeye, aniache miye, juu miye siko tayari. Nilifikiriaka ananishitaki. Miaka yote! Kumbe alikuwa anashukuru Mungu juu yangu. Nikasema, huyo Mungu anaongeaka naye, nataka kumujua. Njo vile. Megafoni ilinikuta nimeshavaa viatu."

Mama aliweka mkono kinywani. Ningekuwa mimi ni mchungaji, ningempigia magoti yule mzee mle mle majini, nikambatiza nikilia. Badala yake kukatokea kitu ambacho nikikisimulia watu wanadhani nimekitunga.

"Amina!" mama prezida akapaza sauti, mikono juu. "Si mumesikia? Ni maombi! Amesema mwenyewe, ni maombi! Mama huyu ni memba wa waombezi!"

"Hapana," kijana akajibu hapo hapo, "alisikia kwa masikio! Mutu akisikia neno akaamini, hiyo ni uinjilisti! Ni ushuhuda!"

Wakaendelea. Moyo wa baba yangu, alioutoa mara moja tu maishani mwake, wakaupokea kama kuni. Wahenga walituonya tusigombanie fito ikiwa nyumba tunayojenga ni moja, na hawa waligombania fito mwenye nyumba akiwa amesimama mvuani. Mchungaji alikuwa anasema wapendwa, wapendwa, kwa ile sauti yake ya maziwa.

Baba alitoka majini. Mama alimkimbilia, akamshika kifuani kwa mkono mmoja, viatu vikiwa katika wa pili, akimrudisha.

"Rudia. Papa, nakuomba, rudia mu maji. Uwaache wagombane, wewe rudia tu."

"Nitarudia siku watanyamaza," baba alisema. Akachukua viatu vyake mkononi mwa mama, akaketi juu ya mtumbwi uliogeuzwa, akaanza kuvivaa bila kujifuta.

Walikuja wanne kutoka kanisani kumwomba arudi. Aliwasikiliza. Lakini baridi ile ilikuwa imekwisha kumkaa kifuani, na baada ya Kituku hakuwa mtu wa kushuka tena ziwani, hata kwenda chooni tulimshika. Wale wawili hawakuja. Kila mmoja alitaka mwenzake aombe msamaha kwanza.

Mchana mmoja nilikuwa nimeketi na mashine yangu chumba cha pili, mlango wazi, nikamsikia baba anamwambia mama amletee beseni la maji.

"Unataka kunawa?"

"Nataka wewe uniingize mu maji."

Mashine yangu ikasimama.

"Miye si pasta," mama alisema.

"Uliniombea kwa Mungu ukinichota kidogo kidogo kama maji. Hii nayo nani atafanya?"

"Walisema haiwezekane. Bibi hamuzalake bwana yake."

Baba alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikawa kirefu. Niliingia. Nikamwambia mama, mimina tu, sema jina la Bwana umimine, hapa hakuna komite. Akalileta beseni, akaliinua. Kisha akalirudisha chini.

"Na kama nikifanya mubaya?" aliniuliza. "Na kama Mungu hatapokea juu ya kuwa ni miye?"

Mwanamke aliyezungumza na Mungu kila siku ya maisha yake! Hakuwahi kumwogopa Mungu, alimsemesha kama jirani wa ukuta mmoja. Nani aliyemtia hofu ile? Walimtia kwenye benchi la ofisi, wakicheka, wakiwa na nia njema. Hilo siwezi kuwasamehe. Nimejaribu. Kila Pasaka mtu ananiambia nisamehe, na kila Pasaka ninaliona lile beseni.

Baba alimwambia basi, haidhuru, wewe omba tu. Akafariki kabla juma halijaisha, asubuhi, mama akimshika miguu.

Tulitandaza turubai uani, majirani wakaleta kuni na viti. Siku ya pili ya matanga mchungaji alikuja na wale wawili. Waliketi, wakapewa chai. Mchungaji akazunguka sana, akafika: kanisa limekutana, kwa uchungu, kwaya haitaweza kuimba makaburini, kwa sababu muzee hakumaliza. Alikuwa njiani. Hakubatizwa.

Kijana wa megafoni aliinamisha kichwa. "Sisi tulimufikisha mulangoni," alisema. "Pengine maombi ilipunguka."

"Maombi haikupunguka," mama prezida akasema, taratibu kabisa. "Pengine hakufundishwa muzuri."

Nilidhani nimesikia vibaya. Majuzi kila mmoja alimtaka wake peke yake, nusura aupasue mkono wake kwa kuuvuta, na leo, baba akiwa amelala kwenye jeneza hatua chache kutoka pale, hakuna anayemtaka. Nilisimama. Niliyoyasema siyaandiki yote. Niliwaambia watoke uani kwetu, watoke na Biblia zao na zipu zake, na kwamba ukuta wanaouegemea kila Jumapili umejengwa na mtu waliyemkana, kwa hiyo wakasali barabarani. Shangazi zangu walinishika. Nililia kwa hasira hadi pua ikatoka damu. Mchungaji alisema mtoto ana uchungu, tumwelewe.

Mama alikuwa ameketi chini kwenye mkeka, kitenge kimefungwa kichwani. Alininyooshea mkono ninyamaze, nikanyamaza. Halafu akamgeukia mchungaji.

"Pasta. Bwana yangu ako wapi sasa?"

Uwanja mzima ulisikia. Mchungaji alitazama kikombe chake, akawatazama wale wawili, hawakumsaidia.

"Mama," alisema mwishoni, "ile tumuachie Mungu."

Mama alimtazama bila machozi, na niliona kwamba hasira yangu yote ilikuwa mchezo wa mtoto mbele ya ile iliyokuwa imekaa ndani yake.

"Kumbe munajuaka kumuachia Mungu," alisema. "Na kule mu maji, bwana yangu akitetemeka, mbona hamukumuachia Mungu?"